Mzee Polepole, Mbeba Machela wa Ngazi Zetu

Ndugu waombolezaji, majirani wa juu ya ngazi na wa chini ya ngazi, wanachama wa Klabu ya Askari Wastaafu, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na nyote mliofika hapa kwa miguu kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kufika, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kuja, na naomba mniazime masikio niwasomee maisha ya babu yetu kama tulivyoyakusanya kutoka kwenye vyeti vyake, kwenye madaftari ya klabu na vinywani mwa waliomjua kabla sisi hatujazaliwa. Mimi ni mjukuu wake, mtoto wa kwanza wa binti yake wa pili, na pale ambapo karatasi na kumbukumbu hazikukubaliana nitasema hivyo, kwa sababu siku tatu kabla ya kufariki nilimuuliza angependa aandikwe vipi, akanijibu, "Andika ilivyokuwa, usimpake mtu masizi wala marashi."

Niseme mapema pia kwamba liko jambo moja ambalo Babu aliliacha halijaisha, nalo ni nani atakayebeba machela ya mtaa huu baada ya askari wazee kwisha, na kwamba jambo hilo lilimgombanisha na rafiki yake mkubwa, ambaye amekaa mstari wa mbele hapa na anajua kwamba nitalisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1945, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa seremala na mama yake mkulima, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo kile chumba kikubwa kilikuwa cha randa na misumeno, na watoto walilala kwenye kile kidogo. Alianza shule Januari 1953 na kumaliza darasa la saba Novemba 1959, na ripoti yake ya mwisho, ambayo Bibi ameitunza kwenye kopo la biskuti, inasema kwamba mwanafunzi huyu ni mtulivu, mwandiko wake unasomeka, na anauliza maswali kuliko inavyohitajika. Januari 1961 aliajiriwa kuwa mfagiaji wa zahanati, na kabla mwaka haujaisha mganga aligundua kwamba mfagiaji wake anakunja bandeji vizuri kuliko yeye mwenyewe, akamnyang'anya ufagio na kumkabidhi beseni la vidonda, kazi aliyoifanya hadi mwisho wa mwaka 1964.

Tarehe 3 Februari 1965 alijiunga na jeshi, ambako kadi yake inaonyesha urefu wa futi tano na inchi sita, ingawa Bibi anashikilia kwamba alipimwa akiwa na viatu, na baada ya mafunzo ya miezi tisa alipangwa kuwa mhudumu wa tiba na mbeba machela. Mwaka 1968 alihamishiwa kikosi ambacho kiongozi wake alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya kuamsha wafu, ambaye leo ni mwenyekiti wa klabu na ambaye sote tunamwita Sajini, wakawa chanda na pete tangu siku hiyo. Katika mapigano ya mpakani, ambayo Babu hakupenda kuyasimulia, alibeba majeruhi ishirini na sita, wa kumi na tisa akiwa Sajini mwenyewe mwenye risasi ya paja, na katika hao wote yule aliyemtaja mara kwa mara ni mmoja tu ambaye walimfikia wakiwa wamechelewa kwa muda, alivyosema yeye, wa kunywa chai. Aliheshimiwa akafikia cheo cha koplo, na aliagwa jeshini tarehe 30 Septemba 1986, baada ya miaka ishirini na moja, miezi saba na siku ishirini na saba.

Akiwa bado jeshini alimfahamu bibi yetu, aliyekuwa mshonaji katika karakana iliyopakana na kambi, kwa njia ya shati moja la kazi alilolipeleka kwake mara tatu ndani ya wiki mbili, kila mara likiwa limepungukiwa kifungo kilekile cha kifuani, na mara ya tatu Bibi alilishika shati lile juani, akaligeuza, akamwambia, "Bwana askari, uzi huu umekatwa kwa kisu, kama una neno lisema, vifungo vyangu vinaisha." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1971, na wakajaliwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, ambao wote wako hapa, wajukuu tisa na vitukuu wawili. Ndoa yao ilidumu miaka hamsini na mitatu, miezi mitatu na siku tatu, na nimeihesabu mbele ya Bibi, ambaye alisema niongeze na zile wiki mbili za shati.

Baada ya kustaafu jeshini Babu alikaa nyumbani miezi mitano bila kazi, na Bibi amenipa ruhusa kusema kwamba hiyo ndiyo miezi migumu kuliko yote aliyoishi naye, kuliko hata miaka ya mpakani, maana angalau wakati ule alikuwa mbali. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapanga viatu vya watoto kwa ukubwa mlangoni, anapita jikoni kukagua masufuria kwa kidole, na anasimama uani akiangalia saa kana kwamba kuna mtu amechelewa kuripoti, mpaka asubuhi moja Bibi akamwambia, "Mume wangu, nyumba hii si kambi na mimi si kuruta, nenda katafute wenzako wenye ugonjwa huu mkatibiane." Akatoka, akapanda ngazi, akamkuta Sajini naye amesimama uani kwake anaangalia saa.

Hivyo ndivyo klabu ilivyoanza, Jumamosi tarehe 7 Machi 1987, ikiwa na watu watano ambao hawakujua wafanye nini na mikono yao, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuzibua mfereji wa maji ya mvua unaoshuka kando ya ngazi, wakiwa wamejipanga mstari na majembe mabegani, hata majirani wakadhani ni wafungwa wa adhabu nyepesi na mama mmoja akawaletea chai kwa huruma. Walipewa ghala la zamani la saruji, lile la vyumba viwili lililo katikati ya ngazi, wakalipaka chokaa, wakaweka benchi tatu na ubao wa matangazo, na kwa miaka iliyofuata klabu hiyo ndiyo iliyoweka bomba la kushikia kuanzia juu hadi chini, iliyosimama kwenye kivuko kila shule inapofunguliwa, iliyofundisha huduma ya kwanza kwa wanafunzi wa darasa la sita, na iliyotunza funguo za akiba za nyumba ishirini na tatu za watu wanaoishi peke yao, kila ufunguo kwenye msumari wake, bila jina, kwa namba ambazo Babu alikuwa nazo kichwani, na ambazo alinisomea moja baada ya nyingine nikaziandika akiwa kitandani hospitalini. Yeye mwenyewe kuanzia tarehe 1 Aprili 1987 hadi tarehe 30 Juni 2005 alifanya kazi katika chumba cha huduma ya kwanza cha kiwanda cha sabuni, na wenzake wa zamu wanasema kwamba vidole vyote vya kiwanda kile alivijua kwa makovu.

Lakini kazi ambayo mtaa huu unamjua kwayo ni machela, kwa sababu ngazi zetu zina vidato mia moja na kumi na viwili, gari la wagonjwa linafika chini tu, na kabla ya mwaka 1988 mtu aliyezidiwa huku juu alishushwa kwenye kiti, au kwenye mlango uliong'olewa, au mgongoni mwa ndugu yake. Klabu ilipata machela iliyotupwa na zahanati, mipini yake mizima lakini turubai lake limeoza, Bibi akashona turubai jipya kwa uzi wa mahema, na safari ya kwanza ilifanyika Jumatatu tarehe 22 Agosti 1988, mgonjwa akiwa fundi wa redio aliyevunjika mguu.

Safari hiyo nimeikuta imeandikwa kwenye daftari kwa neno moja, "Vibaya," na ilinibidi niulize. Wabebaji walikuwa wanne, wote askari waliotembea kwa gwaride nusu ya maisha yao, na Sajini alikuwa ameshika mbele akipaza sauti, "Kushoto, kulia, kushoto, kulia!", basi miguu minane ikagonga saruji kwa pamoja, na machela ikaanza kubembea kama pembea ya watoto, huku fundi wa redio akishika mipini kwa mikono miwili na kupiga kelele, "Nirudisheni nyumbani nikafe kwa utulivu!" Babu alikuwa kiwandani siku hiyo, na alipoambiwa jioni alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawaeleza jambo ambalo kila mbeba machela hufundishwa siku ya kwanza na kila askari wa gwaride hulichukia, kwamba machela haibebwi kwa hatua za pamoja, wanaotangulia wakianza na mguu wa kushoto wanaofuata waanze na wa kulia, ili mwendo wa hawa uzime mwendo wa wale, na mgonjwa alale kama yuko kitandani. Sajini akasema, "Miaka kumi na tisa nimefundisha watu kulinganisha hatua, leo koplo ananiambia niziharibu," na Babu akamjibu, "Ndiyo, mkubwa, na leo utaziharibu kwa amri." Walifanya mazoezi Jumamosi tatu mfululizo, wakishusha na kupandisha gunia la mchanga lenye beseni la maji juu yake, na Jumamosi ya tatu beseni lilifika chini halijamwaga tone.

Katika kushuka ngazi warefu hukaa mbele na wafupi nyuma, ili machela isiinamie chini, na kwa kuwa Babu alikuwa mfupi kuliko wote, nafasi yake kwa miaka thelathini na sita ilikuwa nyuma, upande wa kichwa, mahali ambapo mbebaji anatazamana na mgonjwa uso kwa uso. Ndiyo maana wengi wenu hapa mmewahi kumwona akiwa amepinduka, kidevu juu na macho chini, akiuliza maswali kuliko inavyohitajika, jana ulipika nini, mwanao wa mwisho ana meno mangapi, yule kuku wako aliyepotea alirudi, na kati ya swali na swali akisema kwa wenzake, "Polepole, polepole," hadi neno hilo likawa jina lake na jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Mbebaji akilalamika kwamba mgonjwa ni mzito, Babu alikuwa na jibu lake, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sasa huu umekuwa wako ndiyo unajua una mawe." Nimehesabu madaftari yote manne mara mbili, na safari zilizoandikwa ni elfu moja mia tatu na kumi na nane, zikiwemo za kujifungua mia mbili na sita, na moja ya mbwa, ambayo Babu ameiandikia maelezo marefu ili isijirudie.

Sasa nafika kwenye lile jambo. Katika mkutano mkuu wa Jumamosi tarehe 13 Januari 2024 klabu ilikuwa na wanachama hai kumi na mmoja, wanne tu kati yao wakiweza kunyanyua, na umri wa hao wanne ukijumlishwa ulikuwa miaka mia mbili tisini na tatu. Babu alisimama akapendekeza kanuni ya tatu ya klabu, inayosema kwamba mwanachama sharti awe ametumikia jeshi, ibadilishwe, ili mkazi yeyote wa mtaa mwenye mabega na subira, mwanamume au mwanamke, aandikwe na afundishwe machela kabla waalimu hawajafa. Sajini alipinga, akasema klabu hii ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo mzee anaingia na kuitwa kwa cheo chake, na tukifungua mlango kwa kila mtu itakuwa klabu ya nini, ya watu waliowahi kuvaa soksi? Kura zikawa tano kwa tano, mwanachama wa kumi na moja, mpiga tarumbeta wa zamani, akiwa amesinzia na hakuna aliyethubutu kumwamsha, na mwenyekiti akatumia kura yake ya turufu, pendekezo likaanguka. Babu akasema mbele ya wote, "Wewe unapenda cheo kuliko watu," na Sajini akamjibu, "Na wewe tangu jeshini hujawahi kuipenda amri usiyoitoa mwenyewe," na kila mmoja alitoka kwa mlango wake, kwa kuwa ghala lina milango miwili.

Hawakusemezana tena, ingawa nyumba zao zinaonana na kati ya milango yao kuna vidato kumi na vitano tu. Waliendelea kubeba pamoja, Sajini mbele na Babu nyuma, lakini maneno yao yalikuwa yanapitia kwa mgonjwa, Babu akiinama na kusema, "Mama, hebu mwambie huyo aliye mbele apunguze," na mbele ikisikika, "Mwambie huyo wa nyuma anyooshe mikono," hata mgonjwa mmoja, mama muuza mkaa mwenye maumivu ya nyongo, akawakemea katikati ya ngazi kwamba yeye ni mgonjwa, si posta. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na majirani walifanya hivyo, wakisubiri wapatane, lakini mwezi ulipita ukaja mwingine.

Tarehe 11 Julai 2024 Babu alipatikana na maradhi ya moyo, na daktari akamkataza kunyanyua kitu chochote kizito kuliko ndoo ndogo ya maji. Wabebaji wakabaki watatu, na machela inahitaji wanne, kwa hiyo kuanzia mwezi huo hadi Februari mwaka huu kuna miito sita ambayo klabu haikuweza kuitikia, na kila mmoja Babu aliuandika mwenyewe daftarini, tarehe na saa, na mbele yake maneno matatu, "Mgonjwa alisubiri. Hatukufika." Mmoja wao ni mzee wa nyumba ya juu kabisa, aliyesubiri saa tatu na nusu hadi wanawe walipotoka kazini, na ambaye yuko hai na yupo hapa, lakini Babu alikuwa hataki kusikia kwamba yuko hai, alikuwa anasikia hizo saa tatu na nusu. Aliniambia wakati ule kwamba hagombanii ushindi wa kura, anachoogopa ni kuondoka akiacha machela ukutani na hakuna mkono hata mmoja chini yake.

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Babu alianguka uani kwake akiwa anaanua shuka, Bibi akapiga kelele, na waliofika kwanza na machela walikuwa Sajini na mwanachama aliyekuwa dereva wa jeshi, wa tatu akiwa amekwenda kliniki ya macho. Mimi nilikuwapo, na nilimwona Sajini amesimama mlangoni, akatazama juu ya ngazi, akatazama chini ya ngazi, na hapakuwa na askari mwingine. Ndipo msusi wa nyumba ya pili akatoka saluni kwake na kitana bado kichwani, na nyuma yake mteja wake, ambaye nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu na ambaye si mkazi wa mtaa huu hata kidogo, na msusi akasema, "Sajini, utachagua au utabeba?" Sajini akawaonyesha mipini.

Walipoanza kushuka, wale akina dada wawili, kwa nia njema kabisa, wakawa wanahesabu kwa sauti ili waende pamoja, moja, mbili, moja, mbili, na machela ikaanza kubembea, na hapo Babu, akiwa na rangi ya majivu na jasho usoni, akafumbua macho na kusema, "Sajini, hawa wananipigisha gwaride." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa rafiki yake baada ya miezi kumi na tatu na siku kumi na tisa. Sajini akasema, "Kimya, koplo, mgonjwa haongozi," lakini akawasimamisha wote, akageuza shingo, akawaambia wa nyuma waanze na mguu wa kulia na wasahau kila kitu walichofundishwa kuhusu umoja, na kuanzia kidato cha arobaini na moja, ambapo mimi nilikuwa nyuma yao na viatu vya Babu mkononi, machela ilitulia, wakafika kwenye gari kwa dakika kumi na moja. Daktari aliyempokea alituambia kwamba angechelewa nusu saa asingefika akiwa hai.

Alilazwa wodi namba nne kwa siku kumi na saba, na Sajini alikwenda kumwona kila siku, akikaa kwenye kiti kilekile, wakizungumza habari za watu waliokufa na viatu vya jeshi vilivyobana, ila jambo la klabu hakuna aliyeligusa, na mimi niliyekuwa nikisikiliza nilitamani waliguse na nikaogopa waliguse. Ijumaa tarehe 21 Machi 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Babu alifariki dunia usingizini, Bibi akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, miezi tisa na siku kumi na mbili. Cheti kinasema moyo ulishindwa kufanya kazi. Kura ile ilikuwa bado haijabadilika.

Historia hii ilipokamilika juzi, baadhi ya wanafamilia, na wana haki yao, waliona sehemu ya ugomvi iondolewe, mama mkubwa akisema, "Msiba si kamba ya kuanikia nguo za watu," na mimi sikuweza kuamua peke yangu, kwa sababu niliagizwa niandike ilivyokuwa, na ilivyokuwa ina mtu aliye hai ndani yake. Kwa hiyo jana Jumapili, saa nane mchana, nilizipeleka karatasi kwa Sajini. Alivaa miwani, akasoma akiwa amesimama, akasoma tena tangu mwanzo, kisha akaomba kalamu. Kwanza alisahihisha namba moja, kwamba kati ya mlango wake na mlango wa Babu nilikuwa nimeandika vidato kumi na vinne na ni kumi na vitano, na nilipomwuliza kama ana hakika alisema kwamba alivihesabu kila siku kwa zaidi ya mwaka mmoja, akiwa amesimama pale juu, na hakushuka hata kimoja kumwendea. Kisha akageuza ukurasa wa mwisho na kuandika nyuma yake, na akaniomba niyasome maneno yake kama yalivyo, nami nayasoma.

"Mimi mwenyekiti nilipiga kura ya turufu kulinda jina la askari, na miito sita haikuitikiwa kwa sababu ya kura yangu. Siku ya koplo kuanguka hapakuwa na askari wa kutosha, alishushwa na msusi na mteja wa msusi, na kama wangengoja kanuni yangu ningemzika siku hiyohiyo. Leo asubuhi tumekutana wanachama wanane kati ya kumi tuliobaki, kanuni ya tatu imefutwa kwa kura nane, na mpiga tarumbeta alikuwa macho. Nilipaswa kumwambia hospitalini. Nilikuwa na siku kumi na saba na kiti cha kukalia, nikasema habari za viatu. Ndugu yangu, ulikuwa sahihi, na mimi nimechelewa kwa muda wa kunywa chai."

Familia haina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba mafunzo yataanza Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, mbele ya ghala, Sajini ndiye atakayefundisha, gunia la mchanga lipo, na hadi nilipoanza kusoma majina yaliyokuwa yameandikwa ubaoni yalikuwa kumi na manne, la kwanza likiwa la msusi na la tatu likiwa la Bibi, ambaye ana miaka sabini na sita na anasema hatabeba, atashona turubai la machela ya pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemruhusu Babu kukunja bandeji zake mwenyewe, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani walioleta mabenchi mnayokalia, majirani mliobeba maji kupanda ngazi kwa siku tatu bila kuombwa, wanachama wa klabu ambao leo watalishusha jeneza hili pamoja na akina dada wale wawili, hasa yule mteja wa msusi ambaye amesafiri kutoka alikotoka, nywele zake zikiwa zimesukwa pande zote mbili, kuja kumsindikiza mtu aliyemjua kwa dakika kumi na moja. Kama kuna tuliyemsahau, tunaomba radhi, kosa ni langu, si la familia.

Babu, tutakushusha kwa hatua zisizolingana, kama ulivyotufundisha, na hakuna atakayekuharakisha. Lala mahali pako pa utulivu, Mzee Polepole, upumzike kwa amani.